Ndoo Yatima

Jumapili, 2 Machi

Haya, umerudi. Ulikuwa wapi, wewe mwanamke? Miezi mitano! Daftari limekaa chini ya mto wa kochi mpaka limepata umbo la makalio ya wageni. Ukipita unalitupia jicho, unajifanya una shughuli. Shughuli gani? Uliogopa tu.

Najua ulichoogopa, maana mwoga mwenyewe ni mimi. Mwezi wa kumi nilifungua ukurasa nikaona mistari imepinda. Nikasema kalamu mbovu. Nikanunua nyingine, nayo ikapinda. Nikasema karatasi. Nikasema taa. Nimelaumu kila kitu humu ndani isipokuwa jicho.

Jicho la kushoto sasa ni maziwa. La kulia linamfuata mwenzake taratibu. Daktari wa macho alinimulika akasema ni mtoto wa jicho, upasuaji wa nusu saa, nakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ila yeye na wenzake ni wa kupita. Wiki ya tatu ya mwezi huu ikiisha wanafunga virago na mashine yao, na kurudi kwao hakujulikani. Nafasi ni sitini kwa wiki. Haziandikwi dirishani. Zinaombwa kwa programu ya hospitali kwenye simu, Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Jumatatu zilizobaki ni tatu: kesho, tarehe kumi, tarehe kumi na saba. Basi.

Mimi shule sikuikanyaga hata kwa kufagia. Herufi nilijifunza bombani, miaka thelathini nikisimamia bomba la maji la mtaa. Watu walipaka majina yao kwenye ndoo kwa rangi, nami nikawa nasoma ndoo. Mpaka leo nikiandika S naiona ile ndoo ya bluu yenye ufa. Nilianza kusoma nina miaka arobaini na mmoja. Siachi nikiwa na sabini na nne. Sikubali!

Kesho basi. Na Chiriku, mjukuu wangu ninayeishi naye — jina la kupewa, kwa kuongea kwake — anafanya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza hiyo programu ya simu. Tutashindwaje?

Jumatatu, 3 Machi

Tumeshindwa.

Saa mbili nilibonyeza OMBA NAFASI. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikahesabu mpaka kumi. Yakatokea maandishi: Muda wa kusubiri umekwisha. Jaribu tena.

Mimi mtu wa kutii. Nikajaribu tena. Kiduara. Kumi. Muda umekwisha. Tena! Saa tatu kasorobo ikaniambia nafasi za wiki hii zimejaa.

Muda wa kusubiri wa nani uliokwisha? Wangu ulikuwepo, tele. Nilikuwa nimevaa mpaka viatu.

Jumanne, 4 Machi

Chiriku hajaenda ofisini, anafanyia kazi kwenye meza yangu ya chakula. Kompyuta mbili, nyaya kama utumbo. Nikamwekea chai pembeni, akanisogeza mkono: "Bibi, ikimwagika hapa nimekwisha." Nikamwambia nimeshika vikombe kabla mama yako hajazaliwa.

Nimeuliza tatizo ni nini. Kasema Jumatatu saa mbili watu wote wanaingia kwa mkupuo. Macho, meno, magoti, kliniki ya watoto, mlango mmoja. Siku nyingine programu inakwenda kama siagi. Jumatatu inakufa. Kila simu inatuma ombi, inangoja sekunde kumi, isipojibiwa inakata tamaa.

"Mna mashine ngapi za kujibu?"

"Seva nne, Bibi. Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa na mbili."

"Mkaongeza, na mambo yakawa mabaya zaidi?"

Kanitazama kama niliyemkanyaga kidole chenye kidonda.

Meneja wao kasema hospitali itawavumilia mpaka tarehe kumi na saba. Siku hiyo ikifa tena, programu inatupwa. Nikamwambia Chiriku, na jicho langu linatupwa nayo. Nilisema kwa utani. Hakucheka. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 6 Machi

Kikao chao nimekisikia chote, maana Chiriku anaweka sauti ya spika na mimi nilikuwa nachambua mchele hapo hapo. Meneja anataka seva nane. Kijana mmoja wanayemwita Miwani anataka simu zingoje sekunde sitini badala ya kumi. Chiriku anasema tusiongeze kitu kabla hatujajua kinachokwama ni nini. Meneja akasema hana muda wa falsafa. Mwishowe wakaafikiana seva ziwe nane, sekunde zibaki kumi, waone.

Nilitaka kusema kitu. Chiriku akaninyooshea kidole cha kunyamaza. Mimi! Kwenye mchele wangu!

Sikukaa bure lakini. Jioni tulikuwa na kikao cha kina mama kwa jirani yangu, Mama Pacha. Watu arobaini na kitu, kila mtu ana lake la kliniki: huyu goti, yule mtoto, Mama Pacha meno ya mapacha wake. Wote Jumatatu waliambulia kiduara. Nikasimama. Nikawaambia msikubali kudharauliwa na simu! Ikikataa, bonyeza. Ikikataa tena, bonyeza. Usiipe nafasi ya kupumua. Nikawaonyesha kwa kidole gumba, taptaptap, kama kukwangua chungu. Wakanipigia vigelegele.

Nimelala... hapana, naandika kabla ya kulala. Nimefurahi. Bado naongoza watu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye aibu.

Saa mbili nikabonyeza. Nikabonyeza kama nilivyowafundisha wenzangu. Kidole kikapata joto. Muda umekwisha, muda umekwisha, muda umekwisha. Kutoka sebuleni nasikia Chiriku anaongea na kompyuta kwa maneno ambayo sikumfundisha. Saa mbili na robo programu yote ikalala. Haikuamka mpaka saa nne. Nafasi za macho zikawa zimekwenda, sijui kwa nani.

Saa sita akaja jikoni. Ameshika kidaftari. Mpole. Akiwa mpole namwogopa.

"Bibi, kuna namba moja imegonga mara mia mbili na kumi na mbili ndani ya dakika kumi na moja."

"Huyo mtu ana bidii," nikasema.

"Inaishia na sifuri sifuri saba tisa."

Nikageuza mboga.

"Halafu kuna namba nyingine kama arobaini, zote za mtaa huu, zimegonga hivyo hivyo. Kama vile kuna mtu kawapa mafunzo."

Nikageuza mboga upande wa pili. Kisha nikasema ukweli. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia, nikamkimbilia. Kumbe anacheka! Amecheka mpaka amekohoa. Nami nikacheka. Mboga imeungua.

Halafu akaacha kucheka akaniambia lile jambo.

Kasema: "Bibi, ombi lako la kwanza lilikubaliwa."

"Wapi? Mimi niliambiwa muda umekwisha."

Kanieleza polepole. Simu yangu iliuliza, ikangoja sekunde kumi, ikakata tamaa. Lakini kule kwenye seva hakuna aliyeambiwa kwamba simu yangu imekata tamaa. Ombi langu likabaki kwenye foleni. Sekunde ya kumi na nne likafikiwa, likapewa nafasi, namba thelathini na moja, jicho la kushoto. Jibu likatumwa. Hakuna aliyelipokea. Mimi wakati huo nilikuwa nagonga upya, nyuma ya foleni. Nafasi isiyopokelewa inashikwa dakika tano, kisha anapewa mwingine.

Nilipata. Nilipata, na sikuwepo.

Nikamwambia, mjukuu wangu, hiyo ni ndoo yatima.

Akasema nini? Nikasema nitakueleza kesho, sasa niache nikae na hasira zangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza. Hakuandika mwanzoni. Baadaye akachukua kalamu, baadaye akachukua karatasi kubwa.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kile kirefu. Foleni ya bombani kwangu ilianzia kwenye koki ikaishia kwa fundi viatu. Kwetu mtu alikuwa haweki mwili kwenye foleni, anaweka ndoo, anakwenda zake kupika. Siku za kawaida sawa. Kiangazi, mtu anarudi, anaona ndoo yake bado iko mbali, anahamaki, anakwenda kukopa ndoo nyingine anaiweka mkiani. Kisha ya tatu. Mimi nashindilia kazi, najaza tu iliyo mbele yangu, sitazami ni ya nani. Ikawa mchana nina ndoo kumi na nne zimejaa pomoni, zimesimama juani, hazina mwenyewe. Na wenyewe wako mkiani wanalia maji! Siku nzima nimefanya kazi kama punda, na nusu ya kazi hakuna aliyeinywa.

Chiriku katulia kabisa. Chiriku kutulia!

Akauliza: "Hamkuongeza bomba?"

Tuliongeza. Mkubwa wa maji alikuja na koki tatu mpya, akapigiwa makofi. Lakini mpira uliotoka kwenye tangi ulikuwa ule ule mmoja. Koki nne, zote zikadondosha kama pua yenye mafua.

Hapo akapiga meza. Chai yangu ikamwagika, pembeni ya kompyuta, yeye mwenyewe ndiye aliyeimwaga! Akasema seva zote nane zinachota kwenye ghala moja la majina. Mpira mmoja. Walikuwa wanaongeza koki.

"Sasa ulifanyaje, Bibi?"

Nilifanya ukatili. Ndoo ikifika mbele nikawa naita: mwenyewe yupo? Naita mara moja. Kimya? Naipindua kifudifudi, naenda ya pili. Na foleni ikifika kwenye nguzo ya taa, sipokei ndoo nyingine, hata ulie. Nakupa kipande cha boksi nimechora jua: huyu jua la utosini, yule jua la kwenye paa, mwingine jua la kuzama. Siwaiti wote wakati mmoja, maana ukisema "rudini baadaye" wanarudi wote kwa pamoja na una vita ile ile. Siku mbili walinitukana. Siku ya tatu foleni iliishia nusu, na maji yalikuwa yale yale.

Chiriku akanibusu paji la uso. Ana mafuta ya nywele mengi, yule.

Alhamisi, 13 Machi

Amepeleka hoja yangu kikaoni. Nilikuwa jikoni, mlango wazi kidogo tu. Haya, wazi wote.

Ametengeneza wateja bandia elfu tano, wote wanagonga kwa wakati mmoja kama siku ya Jumatatu. Kwanza akawaonyesha ilivyo sasa: ghala linatoka jasho, na kati ya kila majibu kumi, sita yanakwenda kwa simu zilizokwisha kuondoka. Sita! Meneja akaguna. Kumbe pia ghala lilikuwa limeamriwa kuhangaika na kila ombi hadi sekunde thelathini, wakati simu inaondoka ya kumi. Miwani akasema lahaula, hiyo nimeiweka mimi mwaka juzi. Maskini.

Kisha akabadilisha. Seva iulize kwanza mwenyewe yupo. Foleni ikijaa, isipokee zaidi, iseme wazi. Akawasha wateja wake bandia... ikafa! Nilishika mlango. Sekunde ishirini hivi ikawa safi, halafu puu. Meneja akasema aha. Nilimchukia kwa ile aha yake.

Sikuvumilia. Nikatokea na mwiko mkononi nikamwambia Chiriku: jua! Umewapa wote jua moja!

Kisha Chiriku akaanza kubonyeza haraka. Alikuwa amewaambia waliokataliwa warudi baada ya sekunde ishirini. Wakarudi elfu nne kwa pamoja, mguu sawa, kama gwaride. Akawatawanya, kila mmoja wakati wake kwa bahati nasibu. Akawasha tena.

Ikapumua. Ilikwenda polepole, lakini ilipumua mpaka wa mwisho.

Meneja akauliza yule aliyepiga kelele za jua ni nani. Chiriku akasema ni mshauri wa nje. Nje kweli, nilikuwa nje ya jikoni!

Nikaomba kitu kimoja. Yale maneno ya "Jaribu tena" yatolewe. Ndiyo yaliyoniponza. Nikataka waandike "Toa kidole chako hapo." Meneja amekataa. Wataandika: Ombi lako limepokelewa. Huna haja ya kubonyeza tena. Si mabaya, ila hayana meno.

Jumamosi, 15 Machi

Tumegombana leo. Naandika kwa herufi kubwa maana ndogo sizioni, kurasa zitaisha haraka.

Chiriku kaja chumbani kwangu, kafunga mlango. Nyumba nzima ni sisi wawili, kamfungia nani? Akasema anaweza kuniingiza leo. Ana ufunguo wa ghala. Jina moja tu, kabla ya Jumatatu. Hakuna atakayejua.

Nikamwambia hapana.

Akasema Jumatatu ndiyo ya mwisho, Bibi. Kwenye majaribio imepumua, lakini wateja bandia si watu. Na hata ikipumua nafasi ni sitini, waombaji wa macho mia nne. Unaweza usipate kihalali kabisa.

Nikamwambia najua kuhesabu.

Akapandisha sauti: "Basi ubaki kipofu kwa kiburi chako!"

Nikamwambia kwamba mama yangu mzazi alikuja bombani kwangu mwaka ule ule, mguu umevimba, ndoo mkononi, na mimi nilimpa boksi la jua la kwenye paa kama wengine. Alinuna wiki mbili. Unadhani wale watu walikubali nipindue ndoo zao kwa nini? Kwa sababu waliiona ya mama yangu iko foleni.

Akalia. Nikamvuta akalia kwangu. Mtu mzima ana miaka ishirini na sita, amelowesha kanga yangu yote. Akasema hataki nimwone kama kivuli. Nikamwambia hata ukiwa kivuli nitakujua, kivuli gani kingine kinaongea hivyo?

Lakini alipotoka nililitazama dirisha kwa jicho la kushoto peke yake. Kulikuwa na mwanga. Mwanga tu. Hilo sikumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Nimezunguka nyumba kwa nyumba tangu asubuhi kuwafundua niliowafunda. Bonyeza mara moja! Kisha kaa juu ya mkono!

Mama Pacha kajishika kiuno. "Si wewe uliyesema tusiipe nafasi ya kupumua?"

"Ni mimi."

"Na leo?"

"Leo nasema ipumue."

"Bibi, wewe ungekuwa serikali tungeandamana."

Ameahidi lakini. Anakuja kesho abonyezee hapa kwangu, ili tulindane.

Jumatatu, 17 Machi

Saa mbili kasoro dakika tano. Naandika huku nangoja, ili mkono wa kulia uwe na kazi. Simu iko mezani. Mama Pacha kakaa mbele yangu, kavua viatu. Chiriku yuko sebuleni na kompyuta zake, hajaongea tangu alfajiri. Mama Pacha kauliza kama anaumwa.

Saa mbili. Nimebonyeza. MARA MOJA. Mama Pacha naye.

Kiduara.

Maandishi! Ombi lako limepokelewa. Huna haja ya kubonyeza tena. Utajibiwa ndani ya dakika tisa.

Mama Pacha yake inasema dakika nne. Kanionyesha mara tatu.

Chiriku kapaza sauti kutoka huko: "Ghala liko nusu! Nusu tu!" Namsikia Meneja kwenye spika anasema msishangilie bado. Miwani anashangilia.

Dakika ya nne. Simu ya Mama Pacha imelia. Meno ya mapacha, Ijumaa! Kainuka kacheza bila viatu. Nikamwambia kaa, unatingisha meza.

Dakika ya sita. Chiriku anasoma kwa sauti: nafasi za macho zimebaki kumi na moja. Sijui kwa nini anasoma. Nyamaza, mtoto! Hapana, soma.

Kidole gumba kinawasha. Naapa kinawasha chenyewe. Mama Pacha kanishika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, kasema bibi usithubutu.

Dakika ya saba. Zimebaki tano.

Chiriku kaacha kusoma. Nasikia kiti chake kimesogea. Anakuja? Amesimama mlangoni. Sioni uso wake umekaaje, umbali huu ni kivuli. Simu haijalia. Dakika ya nane.

Sasa nisikilize, wewe mwanamke utakayelifungua daftari hili siku nyingine. Usikae tena miezi mitano. Ukija, kabla ya kuandika chochote, funika jicho la kulia kwa kiganja na usome ukurasa huu kwa la kushoto, kuanzia juu. Ukishindwa, usilifiche chini ya mto. Mwite Chiriku akusomee, na asiruke pale nilipomsema kuhusu mafuta ya nywele.